Mdudu wa Ishirini

Zikiwa zimebaki saa tatu akabidhi kazi ya chuo, Deo alikuwa na wadudu kumi na tisa, na wanne kati yao walikuwa mende wa jikoni kwa mama yake.

Profesa wake wa baiolojia alikuwa ametoa miezi mitatu: kusanya wadudu ishirini wa Texas, wachome pini, andika kila mmoja umempata wapi na lini. Miezi hiyo Deo aliitumia kumweleza kila aliyekaa naye meza moja kwamba yeye anasoma baiolojia. Kanisani kwao Carrollton walishamwita daktari. Mama mmoja alimwonyesha hata goti lake. Deo aliliangalia, akatikisa kichwa kama wanavyofanya wenye elimu.

Alifungua friza kutafuta barafu, akakutana na mfuko wa senene wa Bibi.

Bibi alikuja kutoka Bukoba mwaka jana, mwezi wa tano, na begi lenye vitu vya kumtia mtu aibu uwanja wa ndege: kahawa ya kutafuna, senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa kabisa, na fungu la nyasi mbichi za kutandaza sebuleni, maana kwao mgeni wa heshima hakanyagi sakafu tupu. Glory, mama yake Deo, aliziangalia zile nyasi, akaangalia zulia lake jipya, akazitupa kichakani kando ya maegesho ya magari. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Kila alfajiri alitoka kunyoosha magoti kama alivyoagizwa hospitali, akarudi, akapika.

Na Jumapili akipika senene, mwanawe Gelasius alikuwa keshafika kutoka Euless bila kuitwa.

"Mama, hawa ni wa Bukoba, bwana!" alisema, macho yamelowa. "Nawajua kwa ulimi. Huku Marekani pamoja na hela zao zote, senene wa hivi watawatoa wapi?"

Miaka ishirini na miwili anapakia mizigo kwenye ndege za watu, lakini ulimi wake, kwa maelezo yake mwenyewe, haujawahi kukosea.

"Kula, mwanangu," Bibi alimjibu.

Basi Deo akachagua mmoja mfukoni, mkubwa, wa kijani, mbichi, na mabawa yake na miguu yote sita. Hakujiuliza lolote. Panzi ni panzi.

"Deo, hiyo ni mboga," Bibi alisema.

"Bibi, please. Hii ni specimen."

"Haya, daktari."

Akamchoma pini, akaandika: Carrollton, nyuma ya nyumba, tarehe ishirini Aprili. Akawahi treni.

Siku ya tatu Profesa Hanley alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Huyu wa ishirini haishi Texas," alisema. "Haishi Amerika yote. Kwao ni Afrika. Una mtu yeyote unayemfahamu kutoka Afrika?"

Deo, ambaye jina lake la ukoo profesa hakuwahi kulitamka mpaka mwisho, alijibu kwamba hamkumbuki yeyote.

"Kama ulimpata ulipoandika, hii ni habari kubwa sana. Kama umedanganya, chuo hiki basi. Jumamosi nakuja, unionyeshe."

Mtu mwenye akili angekiri palepale. Lakini Deo alikuwa na miaka mitatu ya chuo kikuu, kwa hiyo akasema, "Karibu sana, sir."

Nyumbani alisema tu kwamba profesa anakuja. Glory akaelewa alivyotaka kuelewa. Kwa miaka mitatu alikuwa akigeuza wazee wa watu vitandani mchana na usiku ili huyu mtoto asome. Hatimaye chuo kinakuja kumpongeza. Akaomba ruhusa kazini, akapika pilau, akavaa gauni la harusi ya dada yake. Gelasius akaja na tai, tayari kutoa neno kwa niaba ya familia.

Profesa hakutaka pilau. Alipiga magoti kwenye nyasi za nyuma ya jengo, zilizofyekwa juzi tu, akapekua saa nzima. Akapata kifuniko cha soda. Gelasius alimpiga picha.

"Wasomi wa kweli hawa," alimnong'oneza Glory. "Ona anavyojishusha."

Profesa akasimama, akajikung'uta magoti.

"Deo. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Hapa ndipo ulipompata?"

Glory alikuwa bado anatabasamu. Deo akamtazama.

Bibi, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, akauliza, "Huyu baba amepoteza nini?"

"Hajapoteza, Bibi." Deo alimgeukia. "Anatafuta senene. Nimemwambia wanaishi hapa. Nimemdanganya. Nilichukua kwenye ule mfuko wako wa Bukoba. Sasa nafukuzwa."

Tabasamu la Glory likamfia usoni. Gelasius akashusha simu.

Bibi alielekeza kidole upande wa maegesho.

"Wa Bukoba tuliwamaliza Krismasi," alisema. "Hao mnaokula nawaokota pale mlipotupa nyasi zangu, chini ya taa za maegesho, na mwaka huu wamezidi. Mwambie aje alfajiri, na mfuko wake mwenyewe."