Unga Usoni

"Usipanguse," mtaalamu wa ngozi kutoka Mbeya alimwambia Luciana, akimalizia kumpaka krimu nyeupe mashavuni. "Na isikuguse mdomo. Ina zebaki, ni sumu."

Jikoni vitonge vya Kichina vilikuwa vimeiva: unga wa mchele, ndani karanga na sukari, kama Luciana alivyofundishwa na mpishi wa Wachina wa reli kule Tunduma.

Mlango ukagongwa. Mtaalamu akakumbatia mkoba wake wa krimu za magendo kutoka Kasanga, akajificha nyuma ya pazia. Mwezi uliopita mke wa karani alifungwa kwa kopo moja tu la krimu hiyo.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Nasikia una mgeni hujamleta kwangu." Balozi wa nyumba kumi akaingia, akatafuna kitonge, akachukua cha pili. "Vitamu. Na usoni?"

"Unga, baba. Umenirukia nikichekecha."

Krimu ilianza kumchoma chini ya jicho. Pazia likatikisika. Balozi akageuka kulitazama.

"Huo huo wa vitonge, baba!" Luciana akasema haraka.

Balozi akamrudia, akitabasamu. "Basi lamba."

Luciana akapitisha kidole shavuni, akafungua mdomo.