Fundo la Kanga

Injini ilianza kukohoa nje ya ua, na wanawake waliokuwa wakipika pilau ya hitma wakageuka wote.

"Bi Mwatumu, gari lako linaibwa," jirani yake akasema.

Bi Mwatumu aliendelea kumenya vitunguu saumu. "Mwache ahangaike. Haliwaki."

Lilikuwa Peugeot la zamani, rangi ya maziwa, na watu walitoka mbali kuja kulitaka, wengine kwa kuomba, wengine hivi. Alipomaliza punje ya mwisho akanawa mikono, akatoka. Wanawake sita wakamfuata na miiko yao.

Mwanamume aliyeshika usukani alikuwa amelowa jasho. "Shikamoo mama," akasema. "Nilikuwa naliangalia tu."

"Marahaba. Sogea huko."

Akaitazama ile miiko, akasogea. Akajaribu mlango wa upande wa pili, haukufunguka.

"Huo hufunguliwa kwa nje tu," Bi Mwatumu akamwambia.

Akafungua fundo la kanga, pale watu walipodhani anafunga pesa, akatoa rota, kile kipande cheusi kinachogawa moto kwenye plagi. Akainua boneti, akakirudisha mahali pake, akaingia. Gari likawaka mara moja.

"Mbele kuna njia panda," akasema wakiondoka. "Kulia polisi. Kushoto gereji yangu, na fundi wangu wa umeme amehama. Ulitumia nini badala ya ufunguo?"

Mwanamume akaanza kueleza, waya kwa waya. Taa ya kukatia kona ikaanza kugonga, tik, tik, naye akainama kutazama ni ya upande gani.