Mkono wa Kwanza

Siku hizi hakuna mashine ya karakana inayoanza kazi mpaka mtu wa nyumbani kwa mkaguzi wa umeme aiwashe kwanza, tena kwa mkono mtupu. Ndiyo sheria, ili mkaguzi asipime ovyo, na watu wameizoea. Kwa mkaguzi Sihaba Mndeme, mtu huyo alikuwa mumewe, Kalimba, ambaye kwa kawaida hubonyeza swichi huku akipiga soga na mafundi.

Asubuhi hiyo waliingia kwenye karakana ya maseremala, Mafinga, bila kusemezana. Juzi yake Kalimba alimwambia kwamba anaoa mke wa pili. Sihaba alipima waya wa ardhi wa msumeno mkubwa, ule unaozuia mtu kupigwa na umeme, akapima mota, akarudisha kipimo mkobani.

"Msumeno uko salama," alisema.

Kalimba alinyoosha mkono, kisha akasita na kumtazama mkewe usoni.

"Umepima vizuri, Mama Tunu?"

"Nimepima."

Kalimba akautia mkono mfukoni. Akamgeukia binti yao, aliyekuwa amewaletea chai.

"Tunu, njoo uwashe wewe. Sheria inaruhusu."

Tunu akaweka chupa ya chai chini, akaja bila wasiwasi, akikunja mkono wa sweta. Kidole chake kilikaribia kugusa swichi pale mama yake alipomdaka mkono.

"Subiri, mwanangu," Sihaba alisema. "Ngoja nipime tena."

Akainama kutafuta kipimo mkobani, na hakuthubutu kumtazama Kalimba.