Ngozi ya Ndama

Twiga mchanga alivishwa ngozi ya ndama wa ngamia, ikafungwa kwa kamba tumboni, naye akasimama akitetemeka kama mgeni aliyeazimwa kanzu.

Mama yake alikufa kwa kiu nje ya Garissa. Hapa hifadhini chupa aliikataa, maziwa ya unga akayatema. Hata Abdiwali, msimamizi, aliyekwisha kuzika wanyama wengi tangu ukame uanze, alishindwa kumtazama. Mfa maji haachi kutapatapa: akamkumbuka ngamia wa Mama Kinsi, aliyefiwa na ndama wake wiki ile ile.

Mama Kinsi alikuja ameshikwa mkono, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Msichana aliyemwongoza alijitanda mtandio mzito wa buluu, na jua lile! Alimsimulia kwa sauti ya chini kila walichokipita: swala twiga wamesimama kwa miguu ya nyuma wakichuma majani ya mgunga, ngiri amelala kwenye tope lililokauka.

"Bado una mafua, Nasteha?" Kinsi aliuliza.

"Bado, hooyo," msichana akajibu, akimwita mama kwa Kisomali.

Abdiwali akageukia pembeni, akajifanya anakagua uzio.

Ngamia alimnusa twiga, akarusha teke. Twiga akaanguka. Wakamsimamisha, akaanguka tena. Miguu ile mirefu haikuwa na nguvu. Hakuna aliyejua la kufanya. Walibaki kusubiri tu, na kusubiri kunaumiza kuliko kazi.

"Mwacheni anuse," Kinsi alisema. "Msimharakishe."

"Hooyo, anadanganyika kweli?" msichana akauliza. "Shingo yote ile, haioni?"

Kinsi akacheka kidogo. "Anaiona. Ngamia si mjinga, wallahi. Lakini maziwa yanamuuma, na harufu ni ya mtoto wake."

Akaanza kuimba wimbo wa kukamulia. Ngamia aliinusa ngozi tena, taratibu, toka mgongoni hadi mkiani. Akatanua miguu. Maziwa yakashuka. Twiga akainamisha shingo, akanyonya mpaka povu likamjaa puani.

Abdiwali alilia bila kujificha. Kisha akakinga maziwa kidogo kwenye kikombe, akampa msichana, naye akakipeleka mdomoni mwa Kinsi. Kila mtu pale hifadhini alijua kwamba bibi huyu hali wala hanywi ila kwa mkono huo.

"Kunywa, hooyo."

Kinsi alivuta pindo la mtandio wa msichana, akaliweka puani, akalinusa kwa muda mrefu. Ndipo akanywa kikombe chote.

"Faiza, mtoto wa watu," akasema huku akifuta midomo, "usiufue mtandio wa marehemu. Harufu ya Nasteha ikiisha, sitaweza kumeza."