Mstari wa Njano

Milimita, kama mtaa ulivyomwita kwa kupenda vipimo, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Mstari wa njano haukuwa umehama. Ulikuwa juu ya madirisha, umenyooka kama uzi, umekauka kabisa. Nao ulitakiwa kuwa chini ya madirisha.

“Mama watoto,” aliita, “njoo uniue.”

Mkewe akaja na mwiko mkononi. Juu ya meza kilisimama kichwa cha treni cha kijani, cha kuundwa kwa plastiki, kirefu kama rula ya mwanafunzi, kila ngazi na kila taa mahali pake.

“Mbona kizuri?”

“Kizuri. Lakini si cha kweli.”

Mchoro alikuwa ameubandika ukutani. Kichwa cha treni alikuwa amekigeuza magurudumu juu ili magurudumu yaliyokuwa bado mabichi yasiguse meza. Basi juu ikawa chini, na chini ikawa juu. Mtu aliyekagua tiketi miaka thelathini, aliyewahi kumshusha abiria kwa tarakimu moja iliyofutika, alisahau kugeuza mkono wake mwenyewe.

Na mashindano ya treni ndogo yalikuwa kesho. Kila mshindani alipewa mchoro uleule kutoka karakana ya reli. Kesho asubuhi kichwa chenyewe, kile kikubwa, kingetolewa karakana kwa mara ya kwanza na kusimamishwa nyuma ya ukumbi. Majaji wangeshika kila kichwa kidogo mkononi na kukilinganisha na kikubwa. Sheria ilikuwa moja tu: shahidi ni chuma, si karatasi.

Kupaka upya? Njano ile ilihitaji siku mbili kukauka. Kuifuta kwa thina? Thina ingekula plastiki pamoja na madirisha.

“Hodi,” ilisema sauti ambayo tayari ilikuwa ndani. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, msimamizi wa wapaka rangi kulekule karakana. Alikuwa amechukua kikombe cha mashindano miaka saba mfululizo. “Unafanya mtihani uliotunga mwenyewe,” Milimita hakuchoka kumwambia.

Shemeji aliinama mezani, akatazama, akashika mbavu.

“Shemeji! Treni gani hii imefunga mkanda kwenye paji la uso?”

“Kaka, una roho ngumu,” mkewe Milimita alisema.

“Dada, niache nicheke. Mwaka mzima ananiita mpaka-chokaa wa kuta!”

Milimita hakucheka. Alijaribu kurudisha brashi ndani ya kopo lake, ikagonga ukingo mara tatu kabla ya kuingia.

“Cheka vizuri, shemeji, maana hutanicheka tena. Mikono imeanza kunigomea. Hiki ndicho cha mwisho.”

Kicheko kikakatika. Shemeji akavuta kiti, akakaa. Akakichukua kile kichwa cha treni kwa vidole viwili na kukisogeza dirishani.

“Huu mstari una upana gani?”

“Milimita tatu. Sasa unanicheka kwa vipimo?”

“Na kutoka ukingo wa paa?”

“Tano.”

Midomo ya shemeji ilitikisika kama ya mtu anayehesabu. Akakirudisha mezani taratibu, kama anayemlaza mtoto, akasimama.

“Ngoja niwahi. Nimekumbuka kazi.”

“Na chai?” dada yake akauliza. Kikombe kilikuwa kimejaa bado. Mlango ulishajifunga.

“Anakwenda kusafisha rafu ya kikombe cha nane,” alisema Milimita.

Asubuhi hakutaka kwenda. Mkewe hakubishana naye. Alimpigia pasi shati jeupe, akalitundika mbele ya pua yake.

“Miaka thelathini uliwadai watu ukweli,” alisema. “Leo nenda ukautoe wa kwako.”

Akaenda. Hakungoja hata kuitwa. Alimfuata jaji mkuu, mama mmoja mwenye kioo cha kukuzia kifuani, akamfungulia sanduku lenye treni yake.

“Mheshimiwa, mstari wangu uko juu. Ulitakiwa uwe chini. Nilikipaka kikiwa kimepinduliwa. Niandikie kosa mapema, usijisumbue.”

“Mzee, watu huja hapa kuficha makosa,” jaji alisema. “Wewe ni wa kwanza kuniletea. Lakini sheria ni sheria. Tutaona nje.”

Wakatoka nje, washindani mbele, wake na watoto nyuma. Milimita alitembea akitazama viatu vyake. Alisikia watu wakiguna, akajua wamekiona kile kikubwa. Aliposikia kioo cha jaji kikigonga sanduku lake, alifumba macho kabisa.

Hatua za jaji zilikwenda hadi kwenye kile kikubwa, zikarudi.

“Mzee,” jaji alisema hatimaye, “hebu nionyeshe. Kosa lako liko wapi?”

Milimita akafumbua macho. Mbele yake kilisimama kichwa cha treni cha kijani, kirefu kama nyumba mbili, kinang’aa juani. Na mstari wa njano, mpana, ulionyooka, ulipita juu ya madirisha kutoka mwanzo hadi mwisho.

Akageuka kumtafuta shemeji yake. Alikuwa amesimama kando ya gurudumu, macho mekundu, treni yake ndogo kwapani, mstari wake chini ya madirisha kama mchoro ulivyosema. Mikono alikuwa ameificha mgongoni.

“Waheshimiwa majaji,” shemeji alisema, “tafadhali msiegemee hapo. Rangi bado mbichi.”