Aliyeshikilia Laini

Fundi mitambo alichomoa waya wa kompyuta ya muuguzi, akauweka juu ya barua ya kumfukuza kazi muuguzi huyohuyo.

"Sasa tuone nani anashikilia laini," alisema.

Barua ilidai kwamba mama huyu alishinda mtandaoni akipiga soga, laini ya simu ya makao makuu ikawa haishikiki, na zahanati nyingine zikashindwa kuagiza dawa. Mwenyewe alisimama mlangoni, mkoba begani, macho mekundu.

Mkuu wa idara ya mitandao alimcheka fundi. "Dada, usinifundishe kazi. Ruta hii inayotuunganisha na makao makuu niliipanga kwa mikono yangu."

"Ndiyo maana nimekuita, bosi. Tazama taa ya modemu, hapo inapopigia simu."

Kila baada ya nusu dakika, taa ya kijani ilipepesa, na hakuna aliyegusa kitu. Ruta ilikuwa ikiitajia mwenzake wa makao makuu njia inazozijua, kama mkuu alivyoiamuru. Simu ilipaswa kujikata laini ikinyamaza, lakini kwa salamu hizo haikukatika tangu asubuhi.

Mkuu akakohoa. "Haya, nitarekebisha kimyakimya. Lakini barua imeshapigwa mhuri. Atie saini, aende zake."

Damu ilimchemka fundi. Mama wa watu kaitwa mwizi wa laini mbele ya wagonjwa, na huyu anataka kufunika kombe mwanaharamu apite.

Aliitwaa barua, akalikata jina la muuguzi kwa mstari mmoja mnene, kisha akamgeukia mkuu, kalamu mkononi.

"Nikumbushe, bosi. Jina lako la tatu ni nani?"