Saa ya Kupima Moyo

Hafidhi muuza saa alimfunga Bi Salha ile saa mkononi, akaibonyeza. Chini yake taa ndogo ya kijani ikamemeta juu ya ngozi iliyokuwa bado inanukia kafuri. Bi Salha alikuwa ametoka kuosha maiti, kazi yake tangu ujanani.

"Inahesabu hatua zako na mapigo ya moyo, mama. Sabini na nane. Mzima kabisa."

Daktari alimwambia moyo wake umechoka, atembee kila siku na auangalie usiende mbio. Mwanawe alishasema atailipia. Lililobaki ni yeye kuitaka au kuikataa.

Asubuhi ile, kabla ya kumwaga maji, alikuwa amevua saa kama hii mkononi mwa marehemu, jirani yake Mwatime, aliyekuwa akizunguka uwanja wa mpira kila alfajiri. Mkono ulikuwa umevimba na mkanda umeuma nyama. Walihangaika nao wanawake watatu, na Bi Salha akawa anamwomba maiti radhi.

"Moyo ukisimama, inafanyaje?" aliuliza.

Hafidhi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Inaendelea kuutafuta tu, mama."

Bi Salha aliutazama mkono wake.

"Basi naichukua," alisema. "Ila nilegezee tundu moja. Atakayenivua asipate tabu."

Hafidhi akalegeza mkanda. Sabini na nane ikafutika kwenye kioo, na ile taa ya kijani ikaanza kutafuta.